Alama ya Jino

Jumatatu niliwaambia: kesho kila mtu aje na mbegu.
Sikusema mbegu ya namna gani. Kosa la kwanza ni langu.

Kageha kaja na haragwe lenye madoa kama yai la kware.
Amugune, punje ya mahindi ya rangi ya waridi,
ya duka la pembejeo, iliyopakwa dawa;
nikampokonya, nikamwosha mikono mara mbili,
akalia, maana alidhani ni peremende.
Adisa kaleta kokwa la parachichi, kubwa kuliko ngumi yake.
Lugalia kafungua kiganja: njugu moja,
imekaangwa, bado ina chumvi.

"Za kupanda tulishakula mwezi wa pili," akasema,
kama mtu anayetaja siku ya soko.

Nikampa kopo kama wenzake.

Udongo tuliuchota chini ya lile jiwe kubwa nyuma ya shule,
matundu tukatoboa kwa msumari, tukafukia.
Nikawafundisha: mbegu ni chumba,
ndani mna mtoto amelala,
kafungiwa chakula cha safari.
Maji yakibisha hodi, hufungua mlango wa chini kwanza,
mzizi utoke, utafute pa kushika,
ndipo kichwa kifuate.
"Kwa nini kichwa kisitangulie?"
"Wewe ukikwea mpera, unashika kwanza
au unachungulia kwanza?"
Amugune akasema yeye huchungulia. Ndiyo maana ana kovu.

Siku ya tano haragwe la Kageha lilitoka limeinama shingo
kama mtu apitaye mlango mfupi,
na darasa zima likainama nalo.
Lugalia akachungulia kopo lake: udongo.
Kesho yake, udongo.
Akalisogeza juani. Akalinong'oneza.
Akaliweka ubavuni mwa la Kageha,
"lijifunze."

Jumamosi nilikwenda soko la Chavakali,
nikanunua njugu mbichi za shilingi kumi,
nikaloweka moja usiku kucha katika kikombe cha chai.
Jumapili, ngoma za kanisa zikipita barabarani,
nilifungua darasa langu mwenyewe kama mwizi.
Mbichi nikaitia koponi.
Ya kwake nikaificha mfukoni mwa sweta.

Ijumaa udongo ulipasuka.
Watoto wakapiga vigelegele. Lugalia hakupiga.
Alitia kidole, akaizoa njugu na mzizi wake mweupe,
akaigeuza huku, akaigeuza huku.
"Mwalimu, hii si yangu.
Yangu niliiuma kidogo njiani, halafu nikajizuia.
Ilikuwa na alama ya jino."

Saa nane. Mvua ya Vihiga ikaanza kwenye mabati,
nikashukuru kwa ile kelele,
kisha nikaona haya kwa kushukuru.
Nikatia mkono mfukoni.
Ipo. Alama ipo:
kijishimo cha jino la maziwa.

Basi nikawaambia niliyopaswa kusema siku ile ya makopo:
moto ukishapita ndani, aliyelala haamki,
hata umwagilie mto Yala wote.
Si kosa la kopo. Si kosa la Lugalia.
Wala si kosa la aliyekaanga;
aliyekaanga alikuwa na watu wa kulisha.
Na mimi nilidanganya, nikasema, na hilo si somo.

"Kwa hiyo alikufa?" Adisa akauliza.
"Ee."
"Na huyu mwingine?"
"Yu hai, ila anasikia baridi. Mrudisheni."

Lugalia akamrudisha, mzizi chini,
akamfunika, akagandamiza kwa kidole gumba.
Halafu akanyoosha mkono kwangu, nikampa ile yake.
Nilidhani ataitupa. Nilidhani ataila.
Aliifukia humohumo, ubavuni mwa mgeni.
"Aongezewe," akasema, "cha safari."

Njugu ile sasa ina majani manane.
Hulala jioni, huamka na kengele.
Parachichi la Adisa bado halijasema neno.
Kila asubuhi analiuliza.