Kijani cha Kwapani

Wameliweka gauni katikati ya ukumbi,
kamba nyekundu pande zote, na kibao: TAFADHALI USIGUSE.
Mita mia nne za waya wa shaba, kinasema kibao.
Hakisemi zilikotoka:
kwenye mota zilizoungua za vinu vya mahindi vya Katuba,
na kwa watoto wa Kenya (komini yetu, si ile nchi)
waliotuuzia kwa kilo na kudai maandazi juu yake.

Miezi saba Kaumba alilifuma juu ya meza yangu ya useremala.
Mimi nilishika koleo.
Wateja walisubiri vitanda vyao.

Kisha usiku mmoja wa Juni, umeme umekatika,
akasema nimpake mafuta ya mgando mabegani, waya usimchune,
akalivaa, akatoka uani.
Baridi ya Lubumbashi mnaijua. Shaba iliuma kama meno ya mtoto.
Na bado alitoka jasho.
Akazunguka mara moja tu, polepole,
gauni likitoa sauti ya sarafu mfukoni mwa mtu anayekimbia.
Mama Kyabu akachungulia juu ya ukuta, akatazama,
akasema, "Utapata mafua,"
akarudi kwenye bukari yake.

Leo mjomba amefunga tai.
Mjomba yule yule aliyetuma ujumbe, siku ya matanga,
kwamba mimi nikae upande wa mafundi.
Amepewa kipaza sauti.
"Mtoto wetu," anasema, "hakuoa, kwa sababu ya kazi."
Na shangazi mmoja, nusu kiziwi, toka nyuma, kwa sauti ya sokoni:
"Hakuoa, ao hakuolewa?"
Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka,
kisha nikatoka nje kushika ukuta.

Maana lugha yetu ni nyumba iliyojengwa kwa awamu.
Sebuleni ina *yeye* mmoja, haikuulizi umevaa nini.
Mlango wa pili inakusimamisha:
unaoa, au unaolewa?
Lakini kipo chumba cha uani, *kuoana*,
na humo hakuna anayetangulia kuingia.
Tulikaa humo miaka kumi na moja.
Paa lilivuja. Tulilibandika lami.

Bupe wa makumbusho alikuwa ameniletea fomu.
Jina la mwenye kuazima. Anwani.
*Uhusiano na marehemu*, na nukta nyingi za kujazia.
Niliandika seremala. Nikafuta.
Niliandika rafiki, neno la kumpa mgeni maji.
Nikafuta hadi karatasi ikatoboka,
nikaandika pembeni ya tundu: tulioana.
Bupe alisoma. Akatazama mlango.
Akapiga muhuri.

Jumamosi wakaja watoto wa Kenya, wakapewa waya na koleo.
Wengi walitengeneza magari, kama sisi zamani,
na usukani mrefu wa kuyaendesha barabarani.
Mmoja alitengeneza hereni, moja tu,
akaivaa, akaenda nayo nyumbani kwa miguu.
Sikulala vizuri.
Jumapili alirudi, sikio zima,
anataka waya wa ya pili.

Na jioni hii, kabla ya wakubwa kufika,
mlinzi Mwansa amekuja na limau na majivu.
"Shaba imeota kutu," ananiambia. "Ona hapa, kwapani.
Kijani kabisa. Pande zote mbili. Niing'arishe upesi."

Nimemshika mkono.
Nimemweleza habari ya Juni, kwa kifupi,
bila ya mafuta, bila ya mabega,
kwamba ni jasho, shaba ililinywa,
na hii ndiyo sehemu pekee ya maonyesho
ambayo Kaumba mwenyewe bado anaifanyia kazi.

Amelitazama lile limau.
Amelitia mfukoni.
"Basi," amesema, "nitapangusa vumbi tu."