Daftari la Katibu wa Nne

Mkutano wa kwanza, Januari themanini na tatu,
chumba cha juu, duka la rejeta, Ruwi.
Waliohudhuria: watu sita na nusu.
Nusu ni Harith wa Mundhir, miaka miwili,
aliyelala mwanzo mpaka mwisho
juu ya rundo la majarida ya Kirusi.
Ajenda: je, wapo wengine kama sisi,
wakitoka kazini, wakishakula,
wanasoma habari za sayari zisizokuwepo?
Jibu: haijulikani. Tukutane mwakani.

Chombo cha mwanzo alikiunda Bi Shinuna, muuguzi:
sinia la biriani limefunikwa sinia,
juu yake faneli, ndani taa ya baiskeli.
Kikaning'inizwa kwenye pangaboi.
Mtu akawasha pangaboi.
Kovu la Thuwaini bado lipo juu ya nyusi;
kila mwanachama mpya huonyeshwa.

Mwaka wa tatu walibishana mpaka alfajiri:
aliyeko mwezini, akiswali, aelekee wapi?
Mundhir, fundi wa simu, akatoa dira.
Mwalimu wa hesabu akatoa penseli.
Ghaniya, aliyekuja kuleta kahawa tu,
akasema, si ataiona dunia, ile kule,
ndogo kama kokwa ya tende?
Basi aielekee yote.
Hapakupigwa kura.
Ghaniya akaandikwa, akasamehewa ada.

Tisini na moja, Desemba.
Zahor alifika kutoka Kuwait, siku tatu njiani.
Kila mtu alikuja na hadithi yake ya mwisho wa dunia,
tulikuwa tumezisubiri mwaka mzima, kwa hamu,
Mungu atusamehe.
Zamu yake ilipofika akaikunja karatasi.
"Nimeona saa sita ya mchana magari yamewasha taa.
Mvua imeninyeshea, kanzu ikawa nyeusi.
Mwaka huu msiniombe sayari nyengine."
Akaketi.
Mkutano ule hauna picha.

Mwaka wa Gonu maji yaliingia stoo ya Ghubra,
yakachukua majarida, bango, viti kumi vya kukodi
(tulivilipa),
na vazi la mwanaanga, lililoshonwa
kwa karatasi ya fedha ya mabomba ya kiyoyozi.
Kesho yake askari wawili walijitosa wadini
kumwokoa mtu anayemeremeta, kalala kifudifudi.
Wakamgeuza. Hamna mtu.
Nasikia mmoja alicheka hata akapaliwa.
Mwenziwe alilia.
Huyo aliyelia ndiye mweka hazina wetu sasa.

Na mwaka jana, Mabela, sebuleni kwa Harith,
yule nusu, leo ana mvi,
bintiye Rayyana akaisimamisha simu mezani
imsomee daftari hili. Kiswahili anakisikia kidogo,
kile cha kugombezwa na kile cha chakula.
Simu ikasoma, sauti safi, isiyo na kwao,
ikafasiri kwa Kiarabu sentensi baada ya sentensi.
Ikafika kwenye hadithi ya Bi Shinuna,
pale aliposema, "Usiku ule chombo kilitua uani,"
ikafasiri: usiku ule sahani ilianguka uani.

Wazee wakacheka, Thuwaini akavua miwani afute macho.
Rayyana akauliza, kosa liko wapi?

Tukatazamana.
Sinia lile lilikuwa pale pale katikati yetu,
tundu la faneli limezibwa kwa risasi,
punje za wali zimeganda ukingoni.
Hakuna aliyemjibu. Mundhir alisema
"Hebu irudie," na simu ikarudia,
sahani, uani, usiku ule,
na safari hii sikusikia kicheko.

Wenye udhuru: Zahor. Ghaniya.
Bi Shinuna, mwaka wa sita.
Sandukuni: riali tatu na baiza mia nne.
Mengineyo: mtu asiguse swichi ya pangaboi.