Singa za Farasi wa Njoro

Nilizijua nyufa zake kabla ya sauti.
Aliingia karakanani kwangu, Bondeni, mvua ikipiga mabati,
fidla imeviringishwa kwenye leso kama mtoto mwenye surua:
shingo imekatika, tumbo limepasuka.
"Fundi, wewe huwa unatengeneza nini?"
Vitanda, nikamwambia. Na majeneza, mwezi ukiwa mbaya.
Akacheka. "Basi huyu wangu yuko katikati."

Rispa Khavetsa, wa Kaimosi.
Mjomba wake alikuwa mpiga shiriri wa kuitwa arusini,
uzi mmoja, ngozi ya kenge,
na msichana hakuruhusiwa kuigusa.
Akaigusa.
Akachapwa kwa uta uleule,
ndipo, asema, alipojua
kwamba uta una upande unaolia na upande unaoliza.

Fidla aliachiwa na muuguzi wa misheni,
mama wa ng'ambo, wa milima ya makaa ya mawe,
aliyekuwa akipiga peke yake usiku, taa imezimwa,
akidhani wodi nzima imelala.
Rispa, mfagiaji, hakuwa amelala.

Miaka kumi na minane ya Ijumaa!
Hoteli nyuma ya stesheni ya Nakuru,
wauza viazi wa Molo wamevaa kofia pana,
madereva wa malori wakilia ndani ya bia
kwa ajili ya treni ambazo hazikuwahi kuwabeba.
Mlevi mmoja akamkemea: huo ni muziki wa wazungu!
Hakuacha kupiga. Alimjibu juu ya uta:
"Kaiulize treni ya Kisumu ni ya kabila gani.
Ilimchukua baba yangu na haikuuliza lake."

Kisumu ndiko alikorekodi.
Bwana wa studio akataka fidla itoke, kinanda cha umeme kiingie.
"Inakwaruza, mama."
"Nami nimekwaruzwa," akajibu, akaendelea kukaza nyuzi.
Kanda elfu moja. Mia mbili na kumi zikanunuliwa.
Zilizobaki alimpa shemejiye wa Ahero,
naye akazifumua, akatandaza utepe juu ya mpunga
kufukuza ndege.
Nilipita huko msimu ule. Ekari tatu za Rispa
zinametameta, upepo unazipiga,
na ndege, wallahi, wamekaa palepale wanasikiliza.
Hilo la ndege nimeongeza. Mengine ni kweli.

Mimi sikuwa bendi. Kazi yangu ilikuwa gundi,
na singa, maana uta hunyonyoka kama kichwa cha mzee.
Nikapanda baiskeli hadi Njoro, kwenye zizi la farasi,
nikamhonga Kibiwott mlishaji pakiti mbili za sigara,
nikavuta mkia wa jike mweupe.
Teke lake ninalo hadi leo, hapa; mvua ikikaribia huniamsha.
Ijumaa ile watu walipopiga makofi
nilisimama mlangoni nimeshika paja,
nikajiambia: huo ni mkia wangu unaoimba.

Kisha vidole vikaanza kuvimba.
Akapiga nyimbo za taratibu, halafu za taratibu zaidi,
halafu akawa anaimba tu,
fidla magotini, imenyamaza kama paka mgeni.
Hoteli ikaweka runinga, mpira.
Hakuna aliyemfukuza. Walisahau tu kumwita.

Mwezi wa Aprili akaja karakanani mikono mitupu.
Nikachungulia nyuma yake nikitafuta leso.
"Kitanda," akasema. "Futi tano. Kulala vitini nimetosheka."
Nikakichonga kwa mvule. Kwenye ubao wa kichwani
nikapachika kipande cha ile shingo ya kwanza iliyokatika.
Nilikuwa nimekiweka miaka yote, sijui kwa nini.

Juzi nimemkuta sokoni. Kinalia, ameniambia:
akigeuka usiku kinatoa sauti moja,
karibu na re, imeshuka kidogo.
Nije na gundi?

"Thubutu," akasema.