Niandikie kwa Namba

Barua ilifika imekunjwa mara nne,
ina doa la bibo pembeni,
imelala sijui siku ngapi mfukoni mwa kaptura ya Shaweji.
"Soma," nikamwambia. Nilikuwa napepeta mbaazi.
Akaipeleka karatasi hadi puani kama anayeinusa,
akasoma bila kukwama:
Mzazi, mwanao anaendelea vizuri.
Siku moja tu hakufika. Ahsante kwa ushirikiano.

Kusoma sijui. Darasa la pili nilitolewa nikalee mdogo wangu,
na mdogo wangu leo ni mhasibu, Nachingwea.
Lakini namba nazijua.
Namba nilifundishwa na mizani ya chama cha msingi,
msimu ule karani aliponipunja kilo saba
na mimi nikamshukuru.

Usiku nikaichukua barua nifunikie chumvi.
Taa ya sola ikaniangazia vijiti viwili
vimesimama bega kwa bega.
Kumi na moja.
Nikaigeuza juu chini. Kumi na moja vilevile.

Sikumwamsha.
Asubuhi nikajitanda kitenge cha pili, nikashika njia ya shule.
Kitangari nzima iko shambani, Oktoba hii,
na kila aliyekutana nami aliuliza, "Kwema? Nani kafariki?"
Mzazi kwenda shule katikati ya korosho, lazima kuna msiba.

Mwalimu Filomena Chilumba alifungua daftari pana kama mkeka.
"Hii ni barua ya tatu, mama.
Ya kwanza ilikuwa ya kikao. Ya pili ya uji wa watoto,
kila nyumba nusu debe la mahindi.
Hukuzipata?"
Nikakumbuka karatasi mbili nilizowashia jiko.
Nikasema sikuzipata.

"Labda anaokota korosho," akasema taratibu,
kama mtu anayekanyaga asiamshe mbwa.
"Korosho gani, mwalimu? Hata hizo haokoti.
Anapita juu yake. Anapapasa majani kwa viganja
kama bibi aliyedondosha sindano,
wadogo zake wamejaza ndoo, yeye hajafunika kitako cha yake.
Jumamosi nilimchapa kwa hilo."

Mwalimu akaweka kalamu chini.
"Na kusoma, anasomaje huko nyumbani?"
"Karatasi puani."
"Anakaa dawati la mwisho," akasema.
"Ni mrefu. Warefu tunawaweka nyuma.
Nikiandika ubaoni huwa anachungulia la jirani,
nami nikamwita mwizi wa majibu, mbele ya wenzake.
Siku ile ndiyo ya kwanza kati ya hizi kumi na moja."

Nje kengele ikagongwa, ile rimu ya gari.
Hakuna aliyeinuka.
Akanisogezea kikombe cha uji wa shule, umepoa,
nikanywa, ingawa nusu debe langu halikuwemo.

Nilipoaga nikamwambia:
"Barua zako ni nzuri, mwalimu, ila zinapita kwa mtuhumiwa.
Mimi niandikie kwa namba.
Juu, siku za shule. Chini, siku alizofika.
Pembeni, vikombe vya uji.
Nami nikiona jambo huku nyumbani nitakuja kukwambia kwa mdomo,
hata kama ni msimu."

Miwani bado. Daktari wa macho anafika Newala tarehe 14;
hiyo nayo niliandikiwa, nimeibandika ukutani kwa ugali.
Shaweji anakaa mbele sasa, katikati ya wafupi,
magoti yamezidi dawati.
Fimbo ya Jumamosi nimemwomba radhi. Akatazama pembeni,
akasema, "Haikuuma sana." Iliuma.
Nusu debe nimepeleka. Nilipima mwenyewe.

Ijumaa iliyopita karatasi ilikuja, imekunjwa mara moja tu:
5 juu, 4 chini.
"Hii moja," nikamuuliza, "imekwenda wapi?"
Akafungua mdomo, akaufunga.
Nikaweka ungo chini.
Akaanza.