Kipande cha Reli

Kengele yetu si ya shaba.
Ni kipande cha reli, urefu wa mkono na nusu,
kimefungwa kwa waya kwenye tawi la mninga
nyuma ya kanisa letu hapa Usoke.
Mpigaji ni mimi, Nyanzala binti Mihayo,
kwa nati kubwa niliyoachiwa na marehemu
pamoja na koti lake la mvua
na deni la tumbaku.

Bwana, nakusifu kwa kuanzia hapo, kwenye deni.

Mwaka ule mvua ilikata Januari.
Majani yalikauka yangali shambani, bani likabaki tupu.
Karani wa chama akasoma majina ya wadaiwa,
langu akalisoma mara mbili
kana kwamba sikusikia.
Jumapili iliyofuata nilisimama chini ya mninga,
nati mfukoni, nikasema:
Leo sipigi. Ukiwataka watu, waite Mwenyewe.

Kimya. Kunguru mmoja juu ya bati.

Kisha nikawaona wanakuja vilevile, bila kuitwa na chuma:
Kabula na mguu wake wa kuburuta,
Ngasa fundi baiskeli, grisi mpaka kwenye kitabu cha nyimbo,
watoto wa Shija, wawili, jozi moja ya viatu.
"Mwangaluka," wakanisalimu, wakaingia.
Hakuna aliyeuliza kengele imenyamazia nini.
Kabula peke yake alirudi,
akaniwekea miguuni kisado cha karanga.
"Za mbegu," akasema, basi.

Hapo nikaelewa, si yote, kiasi changu:
Wewe huitwi. Wewe umekwisha kufika.
Chuma napiga kujiamsha mimi.

Nakusifu, Mwaminifu, wala sikufananishi na treni,
maana treni naijua.
Ilitangazwa ya saa mbili usiku, ikaja alfajiri,
siku nilipompeleka Limi Kitete, homa imemkausha midomo.
Tulilala stesheni juu ya magunia ya vitunguu
ya mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza.
Usiku kucha alichovya kanga yake majini,
akamkanda mwanangu paji la uso,
akasema nami habari za bei ya vitunguu
ili nisilie.
Ulikuwapo stesheni kabla yetu, Bwana.
Kabla ya homa ulikuwapo.
Limi sasa anafundisha hesabu,
na hunisahihisha ninapohesabu sadaka.

Lile deni nililimaliza msimu wa nne.
Sitasema ulilifuta; nitakuwa mwongo mbele zako.
Ulinipa mgongo wa kuinamia jembe,
ukanipa karanga za Kabula.
Lakini lile jingine,
lisilo katika daftari la karani yeyote,
ambalo ningelima mpaka wajukuu wa Limi nisilimalize,
hilo ulilifuta kwa mkono wako
Ijumaa moja, saa tisa alasiri,
na mkono wenyewe ulikuwa na tundu.

Kwa hiyo napiga.
Chuma kilichobeba mabehewa
sasa kinabeba jina lako kuvuka tuta la reli,
kupita mizinga ya nyuki, kupita mashamba ya mihogo,
hadi kwa waliolala na waliokesha,
hadi mlangoni kwa karani wa chama.

Yeye naye huja.
Hukaa benchi la nyuma, miwani mkononi,
na akiimba, Bwana, Wewe unajua,
anaimba vizuri kuliko sisi sote.

Nakusifu na kwa hilo.
Hilo lilinichukua muda.