Ati

Mwalimu Mghoi aliandika ubaoni, shuleni Tudor,
chaki ikilia kama bawaba kavu:
maneno ya mtu ukiyahamisha kwa Kiingereza,
wakati hurudi nyuma daraja moja.
Leo huwa siku ile. Kesho, siku iliyofuata.
Hapa hugeuka pale. Mimi hugeuka yeye.
Alama za kunukuu hupanguswa
kama makombo mkekani.

Darasa zima likakunja uso.
Mimi nilicheka, nikatolewa nje.

Kazi hiyo naifanya tangu nina miaka sita,
nyumbani Kibokoni, kwenye madaraja kumi na manne
baina ya Bi Zulekha wa juu
na Bi Mwanakheri wa chini,
tumbo moja, wasiosemezana
kwa sababu ya mbuzi ya kukunia nazi.

"Kamwambie huyo wa chini
aache kunifukiza moshi wa viazi karai,
mimi si ng'onda!"
Nikashuka. Daraja la tano nikapunguza moshi,
la tisa nikamtupa ng'onda,
nikafika na hiki tu mkononi:
Ati amesema, harufu ya viazi yamfikia.

Bi Mwanakheri akaitazama karai.
Akafunga vinne ndani ya gazeti.
"Mpelekee, asije akasema nina choyo.
Na umwambie mbuzi ni ya mama,
si yake peke yake."
Nikapanda. Choyo nikakiacha chini,
mbuzi nikaifunga kwenye kona,
juu nikasema:
Ati amesema, uvile vingali moto.

Ati.
Mlango ulioegeshwa, si wazi, haukufungwa:
nimeyasikia, sikuyaapia.
Mwalimu Mghoi alilikata kwa wino mwekundu.
Kiingereza hakina neno hili, akasema.
Nikamuuliza, basi mtu
akitumwa maneno asiyoyaamini
huyashika kwa wapi?
Alinitazama kitambo.
Akasema, keti.

Usiku wa kumi na saba wa Ramadhani
Bi Zulekha aliniita, sauti nyembamba.
"Mwambie nitashuka kesho."
Basi. Hakuongeza tusi.
Nikashuka mbio, na mara ile
sikupunguza hata silabi,
lakini mlango wa chini ulikuwa umefungwa, taa imezimwa.
Nikasema moyoni, nitamwambia asubuhi.

Asubuhi ilikuja na kilio, kutoka juu.

Nilimkuta Bi Mwanakheri amesimama daraja la kwanza,
mguu mmoja juu, mmoja chini.
Nikampa ujumbe wake jinsi nilivyofunzwa,
wakati umerudishwa nyuma, siku imegeuzwa:
Alisema kwamba angeshuka siku iliyofuata.

Akanishika kidevu.
"Alisema angeshuka, au alisema atashuka?"

Sikuwa na ati. Sikuwa na kwamba.
Nikafungua kinywa, akatoka Bi Zulekha mwenyewe,
na sauti yake nyembamba:
"Nitashuka kesho."

Na akashuka, kabla ya adhuhuri,
madaraja yote kumi na manne,
wanaume sita wakiambiana polepole, polepole,
kona hii, inueni,
hadi mlangoni kwa nduguye,
hadi uchochoroni, hadi Kikowani.

Mbuzi ilishushwa jioni. Sijui na nani.
Bi Mwanakheri aliikalia
akakuna nazi za wali wa matanga,
moja baada ya nyingine,
wala hakunituma popote.