Nyota za Mchana

Saa saba mchana, mwishoni mwa Februari,
nafunga mlango, nashusha pazia,
nalala chali kama mgonjwa
na kuhesabu nyota.
Kumi na nne juu ya kabati. Tatu juu ya mtungi.
Moja, pana kama shilingi, juu ya mto wangu.
Hivi ndivyo mama alivyonifunza kukagua bati:
usianze kupanda, anza kulala,
uliache jua likuonyeshe
njia ambayo mvua itapita.

Nyumba hii ya Mtoni aliijenga kwa vitumbua.
Bati moja, kisha jingine, hayafanani hata mawili:
hili la geji ishirini na nane,
lile jembamba kama karatasi ya daftari,
na lile la bluu, lililotoka kwenye banda la kuku la watu.
Kwa ncha ya msumari aliyaandika upande wa chini,
nasi tusio na dari tukajulia kusoma hapo:
Bati la Mfungo Sita.
Bati la Sikudhani kutembea.
Bati la deni.

Redio inasema masika ya mwaka huu yatazidi wastani.
Nimempigia kaka yangu Kondo, yuko Kibaha.
"Uza," akasema, "kiwanja kina thamani kuliko hilo paa."
Nilikuwa nimemuomba ngazi.

Fundi anaitwa Mwinyimvua.
Jina tu lingetosha kunitia shaka.
Aliahidi Jumatatu, akaja Ijumaa baada ya swala,
akatazama juu, akafyonza,
akataja mahari ya kuniozesha yeye pamoja na ngazi yake.
Nikakodi ngazi peke yake.

Wahenga walisema ufa, wakasema ukuta.
Wahenga walilala chini ya makuti.
Hawakuijua kutu ya chumvi ya pwani
inavyoanzia kwenye tundu la msumari,
kimyakimya, kama kigaga,
mpaka siku unagusa na kidole kinapita.

Nilipanda alfajiri, bati halijawa kikaango,
misumari mdomoni, raba zake mfukoni,
kopo la lami limefungwa kwa kanga kiunoni.
Mama Chausiku akatoka na mswaki wake:
"We Sikudhani! Mwanamke juu ya paa?"
Sikumjibu, nina misumari mdomoni.
Nilikanyaga palipopigiliwa tu,
maana chini ya msumari kuna papi,
na penginepo pote kuna chumba.

Kwenye gata nilitoa majani ya mkungu,
gololi mbili, kandambili ya mtoto,
mfupa ambao kunguru aliusahau.
Nikakaza kofia. Nikaziba. Nikasogea.

Juu ya chumba changu nikakuta kiraka.
Kipande cha debe la mafuta, ua la alizeti limefifia,
na pembeni, ndani ya lami iliyogeuka jiwe,
dole gumba.
Mama alituambia mwaka ule alimwita fundi.
Nikaweka langu juu yake.
Halikuingia. Langu ni nene.

Ukingo wake umeshaliwa, fundi yeyote angeking'oa.
Nilikaa pale mpaka jua likanichoma mapaja,
nyundo mkononi,
kisha nikashuka.

Mvua ilikuja usiku, wiki ya tatu ya Machi,
bila salamu, kama mdai.
Paa zima likanguruma, sikusikia hata pumzi yangu.
Zile kumi na nne, kavu.
Tatu za mtungini, kavu.
Halafu kwenye mto, taratibu,
tone.
Nikasubiri.
Tone.

Asubuhi Kondo akapiga: "Vipi, inavuja?"
"Haivuji," nikamwambia.
Kitanda nilikuwa nimeshakisogeza, hatua mbili,
na pale kilipokuwa
nimeweka sufuria.